Birika linachelewa, plagi inaungua: kutafuta kosa la umeme kwa volti na ampea

Lalamiko la kawaida Mombasa huanza hivi: birika lilikuwa likichemsha maji ya chai kabla mahamri ya kwanza hayajatoka karaini, sasa linachukua karibu muda mara mbili. Fundi wa kwanza atasema nunua jingine. Wa pili atasema nyaya za nyumba zimechoka. Jirani atakwambia hiyo ni stima ya mtaa mzima, imekuwa hivyo tangu juzi. Kila mmoja anaweza kuwa na haki, na kila jibu lina bei yake. Kabla hujatoa pesa, chukua vipimo viwili birika likiwa limewashwa, volti na ampea, kisha kaa na karatasi. Hesabu ya dakika mbili itakuonyesha kosa liko upande gani wa soketi.

Hesabu zenyewe

Volti tuziite V, ampea (kiasi cha mkondo) I, ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo, kwa omu R, nguvu kwa wati P.

R = V ÷ I
P = V × I

Ukiziunganisha hizo mbili unapata nyingine mbili ambazo ndizo zitakazofanya kazi kubwa hapa chini:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Ile ya kwanza kabisa ni sheria ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Inafaa sana kwa vitu vya kutoa joto: birika, pasi, jiko la koili, shawa ya umeme. Kwa feni na friza ina mipaka yake, nitaifikia mwishoni.

Ukinzani ni tabia ya kifaa chenyewe. Volti ni kile kilichokifikia. Wati ni matokeo ya hivyo viwili. Kwa hiyo tafuta R kwanza, usianze na wati. R ukiikuta inalingana na lebo, kifaa ni kizima na kosa liko nyuma ya soketi. R imepanda sana, kuna kitu ndani kimekatika au kimeshika kutu. R imeshuka, kuna kilichofupishwa au kinachovuja. Watu wengi hununua birika jipya kwa sababu wati zimepungua, wakati R ya lile la zamani haikuwa na kasoro yoyote.

R ya kwenye lebo unaipata hivi. Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240. Zidisha 240 kwa 240 upate 57,600. Hiyo ndiyo namba ya kukariri: igawe kwa wati za kifaa, jibu ni omu. Pasi ya wati 1,200 ni omu 48. Jiko la koili la wati 1,000 ni omu 57.6. Birika la wati 2,200 ni omu 26.2.

Mabirika mengi yameandikwa 220–240V, 1850–2200W, na wengine hudhani namba za wati ni makisio ya muuzaji. La. Piga hesabu kwa volti 220 na wati 1,850 uone: 48,400 ÷ 1,850 ni omu 26.2 vilevile. Koili ni ileile, kilichobadilika ni volti.

Namna ya kupima bila kujiumiza

Volti unazipima kwa malitimita ya kawaida iliyowekwa kwenye AC, kwenye soketi ileile kifaa kinapofanyia kazi, kifaa kikiwa kimewashwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Soketi isiyo na mzigo inaweza kuonyesha 240 safi hata kama waya unaoilisha umebaki nyuzi mbili tatu tu. Tumia ekstensheni fupi nzima yenye matundu mawili: tundu moja la birika, jingine la vichocheo vya mita, zile ncha mbili za kugusia.

Ampea zipimwe kwa mita ya kubana, ile yenye taya zinazouzunguka waya. Usizipitishe ndani ya malitimita ya bei rahisi; nyingi zina kikomo cha ampea 10 kwa sekunde chache, na ukisahau vichocheo kwenye tundu la ampea kisha ukapima volti, unatengeneza shoti mkononi mwako. Mita ya kubana ishike waya mmoja tu, laivu (unaoleta stima) au nyutro (unaoirudisha). Ukibana waya mzima wenye nyuzi zote ndani, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na mita itasoma sifuri. Mafundi huwa na kipande cha ekstensheni walichokichuna ganda la nje pekee, kila uzi ukabaki na ganda lake, kwa kazi hiyo hiyo.

Huna mita ya kubana? Mita ya tokeni inatosha. Ina taa ndogo nyekundu inayomulika, na pembeni imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Zima kila kitu ndani ya nyumba, washa kifaa kimoja, hesabu mimuliko kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha mimuliko kwa 60 upate wati. Mimuliko 36 ni wati 2,160. Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 37.5. Gawa wati hizo kwa volti upate ampea: 2,160 kwa volti 238 ni ampea 9.1, na 238 ÷ 9.1 inakurudisha kwenye omu 26.2. Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mna kile kidude cha kubonyezea namba tu, mtume mtu mwenye macho mazuri akae chini ya nguzo na simu yenye saa.

Omu za moja kwa moja zipimwe kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa. Na kazi yoyote ya kufungua boksi la breka au kugusa waya wa kuingia nyumbani ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Mwongozo huu unakupa la kumwambia akifika.

Birika au pasi inachelewa kupata moto

Tuseme umepima volti 200 na ampea 7.6 kwenye birika lile. R ni 200 ÷ 7.6, yaani omu 26.3. Ni yaleyale ya lebo. Birika halina kosa.

Nguvu sasa ni 200 × 7.6, wati 1,520. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita tu, nguvu imepungua karibu theluthi, kwa kuwa V inajizidisha yenyewe ndani ya hesabu. Lita 1.7 za maji ya bomba ya Mombasa, ambayo huanza kama nyuzi 28 hata ukiamka alfajiri, zinahitaji takriban kilojuli 512 kufika kuchemka. Kwa wati 2,200 hiyo ni chini kidogo ya dakika 4. Kwa wati 1,520 ni zaidi ya dakika 5 na nusu. Tokeni haziliwi zaidi kwa sababu hiyo, maana maji yanahitaji nishati ileile, kama uniti 0.14, kinachoongezeka ni joto kidogo linalotoroka wakati unasubiri.

Sasa swali ni wapi volti 40 zimepotelea. Zima birika, pima tena soketi ileile. Ikibaki 200 au karibu yake hata bila mzigo, shida imeingia nyumbani pamoja na stima yenyewe, na usiku saa mbili mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu huwa mbaya zaidi. Ripoti kwa shirika la umeme, pamoja na saa na volti ulizopima. Ikirudi 240 mara tu unapozima, kosa huenda liko kati ya mita na soketi yako. Ruka mpaka sehemu ya chumba cha nyuma hapa chini.

Upande wa pili: volti ni 238, lakini ampea ni 4.5 tu. R ni 52.9, mara mbili ya inavyotakiwa. Kifaa chenye koili mbili sambamba kimepoteza moja. Hapo fundi wa kwanza alikuwa na haki, ingawa kwa majiko na oveni koili moja hubadilishwa bila kutupa kitu kizima.

Na kuna hali ya tatu inayowachanganya watu wanaotumia maji ya kisima. Volti sawa, ampea sawa, R sawa, na bado birika linajizima kabla maji hayajachemka. Maji ya visima vya hapa yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yamebeba chokaa, na chokaa hiyo imejenga ganda jeupe juu ya sahani ya chini. Joto linakwama chini ya ganda, kizimaji kinadhani maji yamechemka. Hesabu ya umeme haiwezi kulionyesha hilo, jicho linatosha. Chemsha siki iliyochanganywa na maji, au maji ya ndimu nyingi, acha yakae, sugua, suuza.

Plagi au soketi inakuwa ya moto

Hili ndilo ninalotaka usome polepole kuliko mengine yote, kwa sababu halina dalili nyingine. Birika linachemsha kama kawaida, breka haikati, hakuna anayelalamika, mpaka siku plastiki ya plagi inapogeuka rangi ya hudhurungi na chumba kinanuka samaki aliyeoza. Harufu hiyo ni ya plastiki na mpira wa vifaa vya umeme unaoungua.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Shaba inaota ukungu wa kijani, springi za ndani ya soketi zinalegea, skrubu iliyokazwa miaka mingi nyuma inaachia kidogo. Mguso uliokuwa na ukinzani karibu na sifuri unafika, tuseme, omu 0.2. Namba ndogo. Mkondo wa ampea 9 ukipita hapo, hesabu ni I × I × R: 81 × 0.2, wati 16. Wati 16 ni kama chuma kidogo cha kulehemu, kimefungiwa ndani ya plagi, kikiwaka kila unapochemsha chai. James Prescott Joule ndiye aliyeonyesha mwaka 1841 kwamba joto hufuata mkondo ukijizidisha wenyewe. Ndiyo maana chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo haiipashi joto hata kidogo, na mwenye nyumba anaapa kwamba soketi ni nzima.

Birika lenyewe halihisi chochote. Volti zilizopotea kwenye mguso ni 9 × 0.2, yaani 1.8. Nani atatambua volti 1.8 kati ya 240?

Usijaribu kupima omu 0.2 kwa malitimita. Vichocheo vyake peke yake vina ukinzani wa kiasi hicho, na betri yake inasukuma mkondo mdogo mno kuonyesha mguso mbovu. Ukinzani mdogo namna hii unapigiwa hesabu: pima volti zinazopotea huku mzigo mkubwa ukipita, gawa kwa ampea. Kwa soketi, fundi anaweza kupima kati ya skrubu ya waya nyuma yake na pini ya plagi, birika likiwaka. Akikuta volti 0.1 au pungufu, sawa. Akikuta 2 kwa ampea 9, ni omu 0.22, na soketi hiyo inatoka leo.

Ukisafisha tu kwa msasa utarudi hapo baada ya mvua za masika. Badilisha soketi na plagi kwa pamoja, maana springi iliyopata moto imepoteza ugumu wake na pini iliyoungua itaharibu soketi mpya. Kata ncha ya waya iliyogeuka nyeusi au kijani mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, kisha kaza skrubu sawasawa.

Chumba cha nyuma kina stima dhaifu

Nyumba za Kiswahili za Majengo au Kisauni, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mara nyingi zilivutiwa stima kidogo kidogo. Kwanza vyumba vya mbele, halafu mtu akajenga jiko uani, halafu vyumba viwili vya wapangaji nyuma ya jiko. Waya wa taa ukarefushwa, ukawa wa soketi.

Shaba ya milimita mraba 1.5 ina ukinzani wa karibu omu 12 kwa kilomita. Ile ya 2.5 ni karibu 7.4. Chumba kilicho umbali wa mita 40 kina mita 80 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 1.5 hiyo ni omu 0.97, kwa wa 2.5 ni omu 0.59.

Pima ncha zote mbili birika likiwaka chumba cha nyuma. Mfano: karibu na mita ni volti 238, kwenye birika ni 212. Mkondo ni 212 ÷ 26.2, ampea 8.1. Zilizopotea njiani ni volti 26. Gawa: 26 ÷ 8.1 ni omu 3.2.

Waya wenyewe, hata ukiwa mwembamba, ungekula 0.97 tu. Omu 2.2 zilizobaki zinatoka wapi? Kwenye kiungo. Mahali fulani juu ya dari waya umesokotwa kwa mkono na kuzungushwa utepe, na hapo pana wati 8.1 × 8.1 × 2.2, karibu 144, zinazotoka kama joto. Balbu ya zamani ya wati 100 ilikuwa haikamatiki kwa mkono. Hapa ni zaidi ya hiyo, kando ya boriti na makuti au mbao za dari. Zima laini hiyo kwenye breka mpaka kiungo kipatikane. Usitumie "kwa leo tu".

Ungekuta omu 1.0 badala ya 3.2, hakuna kiungo kibovu, waya ni mwembamba tu kwa umbali huo. Dawa ni kuvuta waya wa 2.5 au wa 4 moja kwa moja kutoka boksi la breka, usiopitia taa za ukumbini. Si hatari ya usiku huu, ila usiongeze mzigo.

Breka inakata, fyuzi inakatika

Fyuzi ya plagi ni ampea 13, na 13 × 240 ni wati 3,120. Birika la ampea 9.2 na pasi ya ampea 5 kwenye ekstensheni moja ni 14.2. Haikatiki papo hapo. Fyuzi ya 13 inaweza kubeba hadi ampea 20 kwa muda mrefu, na kwa muda huo ekstensheni nyembamba iliyokunjwa chini ya zulia inapikwa taratibu. Fyuzi isiyokatika si ushahidi kwamba mzigo uko sawa, jumlisha ampea.

Breka ikikata baada ya dakika kadhaa, ni mzigo mkubwa. Ikikata papo hapo, ni shoti: kuna njia yenye ukinzani mdogo sana. Nusu omu tu ingevuta ampea 480. Chomoa vyote, rudisha breka, chomeka kimoja kimoja. Kuhusu kuweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, sina la kuongeza ambalo zimamoto hawajasema.

Jiko la koili linawaka mno kisha linakatika

Koili ikikatika, wengi huisokota upya pale ilipokatika na kuendelea kukaanga viazi karai. Kila ikisokotwa inafupika. Koili ya wati 1,000, omu 57.6, ikipoteza sehemu moja ya tano inabaki omu 46. Nguvu yake sasa ni 57,600 ÷ 46, wati 1,250, kwenye waya mfupi zaidi. Inang'aa nyekundu kuelekea manjano, pishi linaiva haraka, mwenye jiko anafurahi, kisha inakatika tena pembeni ya kiungo. Mara ya tatu inakuwa fupi zaidi. Ukipima R ukaikuta imeshuka zaidi ya asilimia kumi chini ya lebo, nunua koili nyingine yenye wati zilezile; si kitu cha bei kubwa.

Shawa ya umeme inapiga shoti au inakata breka

Nyingi zimeandikwa 220V 5500W. R yake ni 48,400 ÷ 5,500, omu 8.8. Kwa volti 240 za hapa itavuta ampea 27.3 na kutoa wati 6,545, elfu moja zaidi ya lebo. Waya wa 2.5 wa soketi haufai hapa. Mafundi huvuta wa 6, na laini iwe yake peke yake.

Halafu kuna maji. Ndani ya shawa nyingi koili iko uchi, imezama majini. Ukioga maji ya bomba kutoka Mzima au Baricho haisumbui. Ukioga maji ya boho yenye chumvi, kama ilivyo kwenye fleti nyingi za kuanzia Nyali mpaka Mtwapa, maji yenyewe yanabeba mkondo. Ukipima ampea 31 mahali pa 27.3, zile 3.7 za ziada huenda zinapita ndani ya maji: 240 ÷ 3.7 ni ukinzani wa omu 65 kando ya koili. Kuthibitisha, fundi aipitishie maji matamu kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu kisha apime tena. Ikishuka mpaka 27, chumvi ndiyo sababu, na unahitaji shawa ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imevikwa ganda la chuma. Ikibaki 31, koili imegusana yenyewe kwa yenyewe, ibadilishwe.

Waya wa athi, ule wa kwenda ardhini, ni lazima kwa kifaa hiki. Ukiwa umekatwa, mkondo unaovuja unatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni wewe uliyesimama kwenye saruji yenye maji. Breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kilichoandikwa T, hukata kwa ampea 0.03. Gawa 240 kwa 0.03: njia yoyote kuelekea ardhini iliyo chini ya omu 8,000 inatosha kuikatisha. Ikikata kila mtu anapooga, usiiondoe. Inafanya kazi yake.

Taa zinang'aa mno upande mmoja, upande mwingine zimefifia

Ukiwasha birika na taa za chumba kingine zikaongezeka mwanga badala ya kupungua, acha hesabu, zima swichi kuu. Nyutro imekatika mahali fulani kwenye nguzo au mlangoni mwa nyumba. Kati ya fezi mbili, yaani nyaya mbili tofauti za laivu kwenye nguzo, kuna volti 415, na nyumba mbili zilizokuwa zikitumia nyutro moja sasa zimefungwa kwa mfuatano. Nyumba yenye birika la omu 26 na jirani mwenye mzigo sawa na omu 500: mkondo ni 415 ÷ 526, ampea 0.79. Mwenye birika anapata volti 21, jirani anapata 394. Televisheni ya jirani haitafika asubuhi. Piga simu kwa shirika la umeme, na uwapigie hodi majirani kabla ya hapo.

Taa ya tuktuk imefifia

Kwa volti 12 mguso mbovu ni adui mkubwa zaidi, maana volti zenyewe ni chache. Taa ya wati 55 ina R ya 144 ÷ 55, omu 2.6. Kutu ya omu 0.5 mahali waya wa ardhi umefungwa kwenye bodi inashusha mkondo mpaka ampea 3.9, taa inabaki na wati 39. Pima volti kati ya ganda la taa na ncha hasi ya betri, taa ikiwaka. Ikisoma chochote kinachokaribia volti 1 au zaidi, fungua bolti hiyo, isugue, paka grisi. Tuktuk zinazopanda feri ya Likoni kila siku hunyunyiziwa maji ya bahari; hapo ndipo pa kuanzia.

Feni inazunguka kivivu, friza inafanya "tik" na haiwaki

Hapa R = V ÷ I haikupi ukweli wote. Ukipima koili ya kompresa ya friza kwa omu unaweza kupata 15. Kwa 57,600 ÷ 15 ungeambiwa ni wati 3,840, na lebo inasema mia na kitu. Mota inayozunguka huzalisha volti zake za kupinga zile zinazoingia, kwa hiyo mkondo wake hauamuliwi na ukinzani wa waya peke yake. Hata V × I yake huwa kubwa kuliko wati halisi. Feni ya wati 75 ikisoma ampea 0.35, zidisho ni 84, na hakuna kosa lolote.

Ila volti bado zina kazi. Kompresa ni kinyume cha birika: volti zikishuka mpaka 180, inashindwa kuanza kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa wa kuanzia bila kuondoka hapo, na kizimaji chake cha joto kinaikata. Ndiyo ile "tik" kila baada ya dakika chache. Pima volti pale inapojaribu kuwaka. Kama zinaporomoka wakati huo tu, rudi kwenye hesabu ya waya na kiungo. Kama ziko chini muda wote, ichomoe mpaka zirudi, na uweke gadi ya friji, hasa kama unauza barafu au samaki.

Feni ya dari yenye volti 240 kamili lakini inanguruma na kuzunguka polepole kwa kasi zote, na inayokubali kuanza ukiisukuma kwa mkono, ina kapasita (kidude kinachoisaidia mota kuanza) iliyochoka. Zima, izungushe kwanza kwa mkono. Ikigoma au ikikwaruza, ni bearingi zilizoingia kutu, na kapasita mpya haitasaidia. Ikizunguka laini, fungua kikombe cha juu, soma namba ya maikrofaradi kwenye kapasita, mara nyingi 2.5 au karibu yake, nunua yenye namba hiyohiyo na iliyoandikwa volti 400 AC au zaidi.